Tunaoombwa hela mitandaoni: maswali yenu na majibu

Maswali mengi mliyotuma safari hii yanahusu watu tusiowajua wanaotuomba hela mitandaoni. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo mjomba. Kila nikifungua Facebook nakuta ujumbe wa mtu nisiyemjua: "Habari mpendwa, sijala tangu jana, naomba hata elfu mbili." Nimpe au nimpotezee? (Binti, Ilazo)

Marahaba. Kama elfu mbili haikuumizi, mpe. Kama inakuuma, mpotezee. Ila usikae unamchunguza usiku kucha kwa elfu mbili. Angalia tu anarudi na nini. Njaa ya jana ikigeuka kodi ya nyumba, halafu msiba wa bibi, ujue umeshaandikwa kwenye daftari lake. Mbloku, wala hahitaji barua ya kuagwa.

Kwenye magrupu ya WhatsApp inazunguka picha ya mtoto mgonjwa. Wanasema amelazwa Hospitali ya Benjamin Mkapa na zinatakiwa milioni tatu za upasuaji. Nitajuaje kama ni kweli? (Mama, Kizota)

Dada yangu, una nafasi ambayo mtu wa Bukoba hana: hospitali yenyewe iko hapa hapa Dodoma, kule Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Nenda saa za kuona wagonjwa, au mtume mtu unayemwamini. Ukishindwa, piga namba iliyo kwenye ujumbe huo, uliza mtoto yuko wodi gani na nani anamuuguza, kisha omba kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Hospitali za serikali hulipwa kwa namba hiyo, na hela haiingii kwenye simu ya mtu binafsi. Mwenye mgonjwa wa kweli hatachukia ukimwomba. Tapeli atakuambia muda hakuna, tuma tu hapa. Haraka ya aina hiyo ndiyo inayonitia shaka.

Ukituma hela kwa simu, kuna pia jina la mpokeaji linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa tofauti na ulilotajiwa, uliza. Wakati mwingine laini ni ya baba mdogo wa mtoto, na wataeleza bila kubabaika.

Ugumu uko kwingine. Chakula cha anayeuguza na nauli ya kurudi Kondoa havina kontroo namba, na ndivyo vinavyowamaliza watu. Hapo hakuna njia ya mkato: ama uende, ama umsikilize aliyekwenda. Ukimkuta mzazi kweli, mwulize kama ameshafika ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini. Wengi hawajui kwamba maombi ya msamaha wa matibabu huanzia huko.

Hiyo picha usiisambaze. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, mtoto huyo akipona atakuja kuwa mwanafunzi wa sekondari mwenye wenzake wenye simu.

Mimi ni Mgogo wa Chamwino. Kila ikitokea posti ya mtu anaomba hela, utani ni ule ule wa kwamba Wagogo ni ombaomba: "Huyu katokea Dodoma." Nimechoka, mjomba.

Utani wa makabila naupenda, na sijaona Mgogo aliyekosa jibu. Ila huu umechakaa, na wanaouleta hawajui walisemalo. Ugogo ina msimu mmoja wa mvua, tena mfupi. Ikikataa, mtama na uwele vinakaukia shambani. Njaa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, haikuletwa na uvivu. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo ya vita, halafu mvua nazo zikakosekana. Watu wakaondoka kwenda kuhemea.

Anayehemea huenda kwa miguu yake hadi kwa ndugu au rafiki mwenye chakula. Atalima, au ataacha mbuzi, na mwenyeji anamwona uso na anajua kwao. Huyu wa Instagram anayeomba kwa picha ya mtoto wa mwenzake, akaunti haina jina wala kijiji, kabila lake utalijulia wapi? Na ule ujumbe wa matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii", tumetumiwa nchi nzima. Hakuna aliyethibitisha kwamba ilitungwa Chamwino.

Nasoma UDOM. Bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, limechelewa, nataka kuandika shida yangu na namba ya simu chini ya posti za mastaa kama wafanyavyo wengine. Ni aibu?

Mwanangu, aibu siioni. Ninachoona ni namba yako ikikaa hadharani, pembeni imeandikwa "nina shida". Atakayeisoma kwanza si staa, ni kijana aliyefungua akaunti kwa jina na picha ya staa huyo. Jioni utaambiwa umechaguliwa kupewa laki tano, utume elfu kumi na tano ya usajili, na wewe mwenye njaa utaenda kuikopa. Anza kwa mshauri wa wanafunzi. Kisha waandikie wanaokujua: grupu la ukoo, wa kanisani au msikitini, mliosoma pamoja. Taja kiasi, taja na siku ya kurudisha.

Nimeshatuma elfu themanini, sasa akaunti imefutika. Nifanyeje? (Kaka, Nkuhungu)

Pole sana. Piga 100 sasa hivi, huduma kwa wateja wa mtandao wako, waombe wazuie muamala. Kama hajatoa hela kuna matumaini. Akishatoa, kazi ni kubwa. Ripoti namba yake kupitia 15040, kisha nenda polisi uchukue RB, namba ya taarifa uliyoandikisha. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo ipo. Mazungumzo yenu usiyafute, hata kama ukiyasoma unaona haya.