Goa mwezi wa Julai

Ndugu msafiri, umeuliza kama inafaa kuzunguka India na begi la mgongoni mwezi wa Julai, kisha umalizie kwa wiki moja ya mapumziko katika fukwe za Goa, ambako vyumba wakati huo ni vya bei nafuu. Unafuu huo una sababu: tangu Juni hadi Septemba, pepo zilezile za kusi zilizokuwa zikiyasukuma majahazi yetu kwenda Bara Hindi humwaga mvua kubwa katika pwani ya magharibi ya India, iliko Goa, bahari huchafuka, na vibanda vya chakula vya ufukweni huvunjwa mpaka msimu urejee. Nakusihi usiogelee kamwe penye bendera nyekundu, hata ukiona maji yametulia.

Ningekushauri uanzie Ladakh, kaskazini kabisa mwa India, ambako milima huzuia mvua, na upumzike siku 2 au 3 mjini Leh, ulio mita 3,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kabla ya kupanda zaidi. Kisha teremka Kerala, kusini mwa nchi, kwa ajili ya Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, ambayo wenyeji huiona kuwa inafaa zaidi wakati wa mvua.