Maswali na majibu: Jaji hafungui kompyuta yako

Msimu wa mashindano ya kubuni tovuti kwa muda maalumu umepamba moto vyuoni hapa Uganda, na maswali yenu yamemiminika. Nimechagua yanayogusa wengi. Yale ya "nisaidie nishinde" bila kueleza umekwama wapi nimeyaweka kando.

Tulipewa saa tatu kujenga ukurasa wa biashara ndogo. Muda uliisha tukiwa na kichwa cha ukurasa kinachopendeza, na chini yake hakuna kitu. Tulikosea wapi? (Msomaji, Mbale)

Mlikosea mlipoanza kuandika msimbo kabla ya kumaliza kusoma swali. Naliona kosa hili kila msimu, na linaniuma kwa sababu wanaolifanya mara nyingi ndio wenye vipaji.

Tuseme mliambiwa mjenge ukurasa wa muuza rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai. Mteja wake anataka kujua mambo manne: anauza nini, kwa bei gani, yuko wapi, na apige simu namba ipi. Chukueni karatasi, myaandike hayo manne kwa mpangilio wa umuhimu, mchore mstatili wa skrini ya simu, muone kila moja linakaa wapi. Dakika ishirini zinatosha. Kisha andikeni HTML tupu (lugha inayobeba maandishi na muundo wa ukurasa) yenye maneno halisi, bila rangi wala fonti ya mapambo. Mkishaona bei zinasomeka na namba ya simu ikibonyezwa inapiga, pandisheni ukurasa kwenye seva (kompyuta inayouonyesha mtandaoni) hapo hapo, saa ya kwanza ikiwa haijaisha. Kuanzia hapo mna kazi ya kuwasilisha hata dunia ikipinduka. Sasa fungueni CSS, lugha ya rangi na mpangilio, muanze na skrini ya simu, ndipo mpanue kwa kompyuta. JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa utende mambo, ije mwisho, kama inahitajika, na kwa ukurasa wa namna hii mara nyingi haihitajiki.

Nusu saa ya mwisho msiongeze kitu chochote kipya. Fungueni ukurasa kwenye simu ya mtu mwingine, bonyezeni kila kiungo, sahihisheni tahajia.

Na acheni kujaza nafasi kwa maneno ya Kilatini yasiyo na maana. "Rolex ya mayai mawili, nyanya na kabichi" ni ndefu kuliko "Bidhaa 1", na ikiingia kwenye kisanduku mlichokipima kwa "Bidhaa 1" itakipasua. Afadhali mjue hilo mapema kuliko jaji aligundue.

Fremuweki gani (msimbo ulioandaliwa tayari wa kujengea tovuti) itanipa ushindi? (Wasomaji wengi mno)

Ile unayoijua tayari. Nimelijibu swali hili mara nyingi. Siku ya mashindano si siku ya kujifunza zana mpya, na njia mbili za CSS za kupanga vitu ukurasani, flexbox pamoja na grid, ambayo vivinjari vikubwa vilianza kuikubali mwaka 2017, zinatosha kwa karibu kila mpangilio utakaoombwa.

Picha zote zilionekana kwenye laptopu yetu, lakini majaji walisema hazikuonekana. Je, tulihujumiwa? (Msomaji, Gulu)

Hapana, hamkuhujumiwa. Angalieni msimbo mlionitumia. Faili linaitwa "Soko.JPG", kwenye ukurasa mmeandika "soko.jpg". Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili, kwa hiyo kwenu picha ilitokea. Seva nyingi hutumia Linux, na kwa Linux hayo ni mafaili mawili tofauti. Picha ya pili ni mbaya zaidi: njia yake inaanza na C:\Users, maana yake mmemwelekeza jaji akaitafute ndani ya kompyuta yenu wenyewe.

Majina yote ya faili yawe herufi ndogo, bila nafasi katikati, na njia zianzie kwenye folda ya mradi. Kabla ya kuwasilisha, fungueni kiungo cha seva kwenye simu isiyowahi kugusa mradi huo. Jaji hafungui kompyuta yako. Anafungua kiungo ulichompa, na anachokiona ndicho ulichokifanya.

Hamkuuliza, lakini nawaambia: picha mlizotumia zimetoka kwenye kamera ya simu moja kwa moja, kila moja megabaiti nne na ushee. Zipunguzeni hadi upana wa pikseli 1200, mzihifadhi kama WebP au JPEG, na nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 200 bila jicho kugundua. Hapa Uganda data ya intaneti inatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, baada ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii kuondolewa. Mwenye simu ya bei nafuu analipia kila picha unayomrushia. Mbunifu asiyejali bando la msomaji wake hajamaliza kazi, hata akivishwa medali.

Umeme ulikatika na intaneti ikaondoka nayo. Ukurasa wetu ukabaki bila fonti wala mpangilio. Je, tukate rufaa? (Msomaji, Arua)

Someni kanuni, kama zinaruhusu muda wa nyongeza, ombeni. Lakini umeme kukatika si habari mpya kwa mtu yeyote aliyekulia nchi hii, na aliyejiandaa hukatikiwa na umeme pia. Kilichowaangusha ni kuvuta fonti, ikoni na fremuweki kutoka seva za mbali kila ukurasa unapofunguka. Pakueni kila kitu siku moja kabla, mkiweke ndani ya folda ya mradi, mzime Wi-Fi, kisha mfungue ukurasa. Ukisimama imara, mko tayari. Betri iwe imejaa, simu moja iwe na bando la kugawa, na hifadhini kazi kwa Git, programu inayotunza kila toleo la kazi, kila kipande kinapokamilika ili mkiharibu mrudi nyuma kwa dakika moja.

Tangazo lilisema mwisho ni saa 12:00 UTC. Tuliwasilisha saa kumi na moja na nusu jioni, tukaambiwa tumechelewa. (Msomaji, Jinja)

Mmechelewa kweli. Uganda iko saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. Saa 12:00 UTC ni saa tisa kamili alasiri kwetu, si saa kumi na mbili jioni. Na mkiona 23:59 UTC, hiyo ni saa nane na dakika 59 usiku, tarehe ya kesho yake. Andikeni saa ya hapa kwenye karatasi na muibandike ukutani siku mnayojiandikisha.

Tuliandika ukurasa wote kwa Kiswahili, lakini jaji mmoja alitukata alama za ufikivu (tovuti kutumika na kila mtu, hata mwenye ulemavu). Ana chuki na Kiswahili? (Msomaji, Busia)

Kinyume chake, huyo ndiye jaji aliyekiheshimu Kiswahili. Kihariri chenu kimewawekea kiunzi cha HTML chenye lang="en" na hamkukigusa. Programu ya kumsomea skrini mtu asiyeona inaliamini neno hilo, kwa hiyo inasoma Kiswahili chenu kwa matamshi ya Kiingereza na msikilizaji haambulii kitu. Badilisheni iwe lang="sw". Ni herufi mbili tu. Wekeni pia maelezo ya alt kwenye picha, yaani maneno yanayosomwa badala ya picha, na acheni maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe: mwongozo wa WCAG, ule wa ufikivu wa tovuti, unataka uwiano wa utofauti kati ya maandishi na mandharinyuma usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida.

Kiswahili kiliingia kwenye Katiba yetu kama lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na bado tovuti za ofisi zetu zinaandikwa kana kwamba hakuna anayekisoma. Ninyi mlioandika kwa Kiswahili mmefanya jambo kubwa. Ndiyo maana nataka mlifanye sawasawa.

Je, nitumie akili unde (AI)? (Msomaji, Mbarara)

Kanuni zikikataza, usiguse. Zikiruhusu, usiwasilishe mstari ambao huwezi kumweleza jaji unafanya nini.

Laptopu yangu ni ya zamani. Nijitoe? (Msomaji, Tororo)

Hapana. HTML na CSS huandikwa hata kwenye kihariri chepesi kabisa.

Kuna shindano linatoza ada ya kuingia, mada ni tovuti ya mdhamini, na kanuni zinasema kazi zote zitakuwa mali yake, ziwe zimeshinda au hazikushinda. Niingie? (Msomaji, Kampala)

Usiingie. Hapo mdhamini anakusanya kazi za vijana wengi kwa bei ya zawadi moja, tena ninyi ndio mnaolipa. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda hata programu za kompyuta, lakini haki uliyoisaini kwa hiari yako ni ngumu kuirudisha. Shindano la haki huomba ruhusa ya kuonyesha kazi yako, na zaidi ya hapo hununua kwa mshindi, kwa maandishi na kwa bei inayojulikana. Na kama fomu ya kujiandikisha inataka namba ya kitambulisho cha taifa, uliza ni ya nini. Tuna sheria ya ulinzi wa data na faragha tangu 2019, na una haki ya kupewa jibu.

Nifanyie mazoezi wapi? (Msomaji, Fort Portal)

CSSBattle inakupa picha ndogo uiunde upya kwa CSS. Kwa shinikizo la muda, igizeni Code in the Dark, mchezo ulioanzia Sweden: dakika 15, picha ya ukurasa mbele yako, HTML na CSS tu, na huruhusiwi kutazama matokeo mpaka muda uishe. Na js13kGames, linaloendeshwa tangu 2012, linakutaka utengeneze mchezo mzima usiozidi kilobaiti 13. Anza na ule wa dakika 15, na mwenzako mmoja ashike saa.