Kukimbia Baada ya Saratani: Mwili Kwanza, Kisha Nauli ya Mgonjwa

Ukimaliza mionzi ukarudi Mbeya, kila mtu atakuambia upumzike. Mama mkwe atakunyang'anya ndoo, watoto watakatazwa kukupigia kelele, na jirani akikukuta umesimama getini atakuuliza nani kakuruhusu kutoka. Wanakupenda, na kwa wiki za mwanzo wako sahihi. Lakini kupumzika kukizidi, misuli inaisha na usingizi unapotea. Halafu kuna ule uchovu wa dawa, ambao si kama wa kutoka shamba, maana hauondoki hata ukilala siku nzima. Mimi ulianza kuniachia nilipoanza kutembea. Kutembea kukazaa kukimbia, na baadaye nikawa nakimbia kuchangisha fedha kwa ajili ya wagonjwa wenzangu. Leo nataka kuongea na wewe uliyetoka kwenye matibabu na unatamani kufanya hivyo. Nitaanza na mwili, lakini nililo nalo moyoni zaidi ni hizo fedha na mahali zinapokwenda.

Niliugua saratani ya titi la kushoto. Nikafanyiwa upasuaji, nikapata kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, kisha mionzi pale Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam. Kwa hiyo ninayoyasema yanamhusu zaidi aliyepita njia kama yangu. Aliyeugua saratani ya damu au ya utumbo ana mambo yake, na daktari wake ndiye ayaseme.

Kabla ya viatu, nenda kliniki. Kama ulipewa ile dawa nyekundu ambayo hata mkojo unatoka mwekundu, yaani doksorubisini, mwambie daktari unataka kukimbia na umuulize kama moyo wako upimwe kwa ECHO, kile kipimo cha kuuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti. Dawa ile inaokoa maisha, lakini inaweza kuudhoofisha moyo, na aliyepigwa mionzi upande wa kushoto ana sababu ya ziada ya kuuliza. Uliza wingi wa damu yako ukoje. Uliza mifupa. Baadhi ya vidonge vya homoni tunavyomeza kwa miaka 5 au zaidi vinapunguza uimara wa mifupa. Tamoksifeni, ambayo nayo ni kidonge cha homoni, inaongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, kwa hiyo mguu mmoja ukivimba na kuuma, usiseme ni mazoezi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Fanya hivyo pia ukiona maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi inayokata ghafla. Na maumivu ya mfupa yanayokuamsha usiku yapeleke kwa daktari hata kama umejizoeza kuvumilia.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi: ganzi ya nyayo. Kemo za kundi la paklitaseli zinaweza kukuachia miguu isiyohisi vizuri. Unakanyaga jiwe hulijui, unapata lengelenge hulijui. Usikimbie gizani wala kwenye makorongo, na ukirudi nyumbani vua soksi, kaa kwenye mwanga, ukague nyayo zote mbili na katikati ya vidole.

Mkono wa upande uliotolewa tezi za kwapani nao una masharti yake. Unaweza kuvimba maji ya limfu yakikosa njia. Zamani wanawake walikuwa wakiambiwa wautunze mkono huo bila kuufanyisha kazi yoyote, lakini tafiti zimeonyesha kwamba mazoezi yanayoongezwa polepole hayazidishi uvimbe. Mimi navua pete na saa kabla ya kutoka, nakunja na kukunjua vidole nikiwa njiani, na wale waliopewa soksi ya mkono ya kubana wanaivaa. Chupa ya maji naishika kwa mkono mwingine.

Daktari akisharuhusu, anza kwa kutembea. Nalisisitiza hili kwa sababu watu hudhani kutembea si zoezi. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokuwa wamefanyiwa upasuaji na kumaliza kemo. Nusu yao walisimamiwa kufanya mazoezi kwa miaka 3, na kutembea kwa kasi kulihesabika. Wengine walipewa maelekezo ya maandishi tu. Baada ya miaka 5, kama 80 kati ya kila 100 wa kundi la mazoezi walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, na kwa kundi lile jingine walikuwa 74. Ulikuwa utafiti wa utumbo, si wa titi, kwa hiyo siuchukui kama ahadi kwangu. Ila umenipa nguvu ya kumjibu kila anayeniambia nikakae.

Halafu kuna mji wetu wenyewe. Mbeya iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Umekaa Dar wiki nyingi ukipigwa mionzi, damu yako imepungua, kisha unapanda huku kwenye hewa nyepesi. Ukihema kupanda kutoka Mafiati usidhani ugonjwa umerudi. Upe mwili muda. Chagua sehemu tambarare kadiri Mbeya inavyokuruhusu: kuzunguka Uwanja wa Sokoine, au zile barabara za Forest zenye kivuli. Miteremko ya kuelekea mlima Loleza iache kwa sasa. Barabara kuu ya kwenda Tunduma iache kabisa, ina malori na vumbi, na mapafu yaliyopitiwa na mionzi hayahitaji moshi. Mwezi wa 6 na wa 7 subiri jua lichomoze, maana kovu linakaza kwenye baridi kiasi cha kukufanya ukimbie umepinda bega. Kipimo cha mwendo ni mdomo wako: kama huwezi kumaliza sentensi moja na mwenzako, punguza, tembea, kisha anza tena.

Dada zangu mlioondolewa titi, hili ni letu. Titi bandia zito la kuvaa kanisani halifai kukimbilia. Linaruka, linasugua kovu, jasho linajikusanya chini yake na ngozi iliyoungua kwa mionzi inachubuka. Mimi nilimpelekea fundi cherehani wa Soko Matola sidiria ya michezo, nikamwomba ashone mfuko wa pamba laini kwa ndani, wenye mdomo wa kufungulia pembeni. Ndani ya mfuko naweka kifuko kidogo cha sufi. Ni chepesi, kinashika umbo, na nikirudi nakitoa naanika. Fundi hakuniuliza swali. Alipima, akaandika kwenye daftari lake "mfuko wa ndani kushoto", akaniambia, "Dada, njoo Alhamisi." Wapo wanaokimbia bila kuweka kitu, na ni haki yao pia. Ninachotaka mjue ni kwamba suala la titi lisikuzuie kutoka nyumbani. Lina ufumbuzi, na fundi anaufahamu.

Sasa hisani yenyewe.

Kuna mbio kubwa nchini zinazofanya kazi nzuri. NBC Dodoma Marathon imekuwa ikichangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kwa kushirikiana na Ocean Road. Hapa kwetu tuna Tulia Marathon, inayochangia elimu na afya. Jiandikishe, chagua kilomita 5, uvae namba yako kifuani. Ila hizo fedha huingia kwenye mambo makubwa kama majengo, vifaa na upimaji. Yanahitajika. Mgonjwa wa Nyanda za Juu Kusini, hata hivyo, mara nyingi anakwamia mahali padogo zaidi: hana nauli.

Hebu fuatana na mama mmoja wa Rungwe. Kapimwa, kaambiwa ni mlango wa kizazi, kapewa rufaa ya Dar kwa mionzi. Afisa ustawi wa jamii anaweza kumsaidia kuhusu gharama za matibabu, lakini basi halina msamaha. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Hawezi kusafiri peke yake, kwa hiyo kwenda na kurudi ni tiketi nne. Basi linawashusha stendi ya Magufuli, Mbezi, jioni au usiku, na Ocean Road iko upande wa pili wa jiji, ufukweni. Hapo pana nauli nyingine na pa kulala. Mionzi yenyewe hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo, na wiki zote hizo wanakula. Ng'ombe akiuzwa, fedha inafika hadi wiki ya pili au ya tatu. Anarudi nyumbani akisema atakwenda tena baada ya mavuno. Mionzi iliyokatizwa katikati haifanyi kazi iliyopangiwa, na kufikia mavuno ugonjwa umeshapiga hatua.

Nimekaa na wanawake wa namna hii kwenye benchi la kusubiri mionzi. Mmoja nilimwona akihesabu noti kwenye pindo la kitenge, akizirudisha, akizihesabu upya, kana kwamba zingeongezeka. Wiki iliyofuata kiti chake kilikuwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayekimbia kwa hisani huku kwetu ni huu: kimbilia nauli. Tafuta mgonjwa mmoja anayejulikana hospitalini, mwenye tarehe ya kuanza mionzi. Piga hesabu ya safari yake yote, tiketi nne, Mbezi hadi hospitali, chakula na malazi, ndipo uombe kiasi hicho. Mtu akiambiwa "changia mapambano dhidi ya saratani" anasema tuko pamoja, na anaishia hapo. Akiambiwa imebaki tiketi moja ya kumrudisha mama Rungwe, anatoa simu mfukoni.

Nchi hii inajua kuchangia. Tunakaa vikao vya harusi miezi mitatu, tunaandika ahadi, tunafuatana hadi kila mtu alipe. Tumia utaratibu huohuo. Fungua kundi la WhatsApp, weka mweka hazina asiye wewe, andika ahadi ya kila mtu kwa kila kilomita utakayokimbia: huyu mia tano, yule elfu moja, bosi elfu kumi. Fedha zikikatiwa tiketi, piga picha ya risiti, ziba jina la mgonjwa, uweke kwenye kundi siku hiyohiyo. Tiketi kata wewe mwenyewe au mweka hazina. Si kwamba mgonjwa haaminiki, ila akishika fedha taslimu zitaombwa na kila mwenye shida nyumbani, naye hatakuwa na nguvu ya kukataa. Kama mnataka kukimbia kundi zima barabarani na kukusanya michango kwa umma, pitieni kwa mtendaji wa kata, ofisi ya mkuu wa wilaya na polisi wa usalama barabarani mapema.

Kuna kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa saratani ya mfupa. Mwaka 1980 alikimbia kwa mguu wa bandia kilomita 5,373 katika siku 143, hadi saratani ilipomrudia kwenye mapafu. Alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 22. Kilomita zake si za kuigwa na mtu anayetoka kwenye kemo. Cha kuiga ni ombi lake: alitaka dola moja kutoka kwa kila Mkanada, na kabla hajafa michango ilikuwa imevuka dola milioni 24, katika nchi iliyokuwa na watu takriban milioni 24. Aliomba kidogo, kwa watu wengi, akawaambia ni cha nini.

Neno kuhusu jina lako. Ukikimbia kwa hisani, waandaaji watataka kukutangaza. Watataka picha yako kwenye bango, na mshereheshaji atakuita shujaa aliyeishinda saratani. Kabla hujakubali, zungumza na mumeo, watoto na wazazi. Huku kwetu bado wapo wanaosema ni kurogwa, na wapo watakaomnong'onea binti yako shuleni. Mimi niliamua kusema wazi, kwa sababu baada ya kusema wanawake wawili wa mtaani kwetu walinifuata kuniambia wana uvimbe, na wote wakaenda kupimwa. Lakini ni uamuzi wangu. Mwenzako akitaka kukimbia kimya, usimtaje. Na hilo neno "aliyepona" mimi naliacha kwa daktari, maana kliniki naendelea kwenda na tarehe ya kliniki sijawahi kuipa mbio.

Ikitokea daktari akasema mwili wako haujawa tayari, au hautakuwa tayari, bado kundi lina kazi nyingi. Anahitajika mtu wa kufuatilia ahadi. Anahitajika wa kukaa na ndugu wa mgonjwa na kuwaeleza kwa nini mionzi haikatizwi. Anahitajika wa kupiga simu usiku kuuliza kama basi limefika Mbezi na kama kuna aliyewapokea. Kwetu kazi hiyo ya simu anaifanya mama ambaye mgongo haumruhusu kukimbia hata hatua kumi. Halali hadi asikie sauti ya mgonjwa mwenyewe, na mara nyingi kitu cha kwanza anachosikia upande wa pili ni "ndaga fijo, mwanangu, tumefika," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Ndipo anaandika saa kwenye kundi, na mweka hazina anatuma fedha ya asubuhi.