Maswali ya Wasomaji: Jani la Mwembe Lililogoma Kubadilika Rangi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa karatasi ya tatu ya Biolojia, ile ya vitendo. Moja imetoka kwa mzazi, nayo tumeona tusiiache.

Assalaam aleikum walimu. Tulipima wanga kwenye jani la mwembe ulioshinda juani tangu asubuhi. Tulilichemsha kwenye maji, kisha kwenye spiriti, tukadondosha iodini. Likabaki kahawia. Je, mwembe hautengenezi wanga? (Kidato cha 3, Kisauni)

Waaleikum salaam. Mwembe unatengeneza wanga kama kawaida, na iodini ya kahawia ikikutana na wanga hugeuka bluu-nyeusi. Mlikosea kuchagua jani. Jani pevu la mwembe lina ngozi ngumu iliyopakwa nta, kwa hiyo spiriti hupenya kwa shida, klorofili, ile rangi ya kijani, haitoki yote na iodini hubaki juu juu. Tafuteni jani laini la kunde au la viazi vitamu. La kitunguu liacheni kabisa, kwa sababu kitunguu huweka chakula chake kama sukari na iodini haioneshi sukari.

Mmea wenu uwe kwenye kopo ili muweze kuuhamisha. Uwekeni kabatini, gizani, kwa saa 24 hadi 48 mpaka wanga uliokuwemo kwenye majani utumike au usafirishwe. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ikirukwa hata sehemu ya jani mliyoifunika itatoka nyeusi, msijue wanga huo ni wa leo au wa juzi. Kisha funikeni sehemu ya jani kwa karatasi ya foili, juu na chini, mmea ukae juani kwa muda wa saa nne hadi sita.

Mkishachuma jani, litieni kwenye maji yanayotokota kwa dakika moja. Maji hayo huua seli, hupasua utando wake na kusimamisha vimeng'enya vyote vinavyoendesha kazi za seli, ili hali ya jani ibaki vile lilivyokuwa lilipochumwa. Hapo zimeni moto. Tieni jani kwenye neli yenye spiriti, na neli muisimamishe ndani ya bika la maji hayo ya moto. Spiriti huchemka kwenye nyuzijoto 78 hivi, kwa hiyo maji yaliyotoka motoni sasa hivi yanatosha kabisa, ilhali mvuke wake ukikutana na mwali hulipuka. Mwanafunzi anayeweka spiriti moja kwa moja juu ya moto aondolewe mezani, hata kama ndiye hodari wa darasa.

Likitoka humo jani huwa jeupe lenye umanjano na hukatika kama mtalikunja. Lichovyeni kwenye maji ya uvuguvugu lilainike, mlitandaze juu ya kigae cheupe, mdondoshe iodini na msubiri dakika moja au mbili. Iodini yenyewe iwe na rangi ya chai ya mkandaa. Ikiwa imechujuka hadi kuwa njano ya maji, itupeni. Na jani lisiwe la moto, maana rangi ya bluu-nyeusi hupotea kwenye joto na hurudi likipoa. Huenda hata hilo liliwaponza.

Kwenye mtihani andikeni rangi mliyoiona: "bluu-nyeusi", au "rangi ya kahawia ya iodini imebaki". Anayeandika "hakuna kilichotokea" hupoteza alama bure.

Nyanya yao huwakataza wanangu kuweka vyungu vya maua chumbani usiku, asema vitawamalizia hewa. Kijana wangu wa sekondari asema huo ni ushirikina. Nani ana haki? (Mzazi, Tudor)

Bi mkubwa amesema kweli kuhusu mmea, ila hatari yenyewe ndiyo ameizidisha. Mmea hutumia oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi usiku na mchana, kwa sababu kila seli yake iliyo hai huvunja sukari ili ipate nguvu. Mchana hatuoni, kwa kuwa jani lililo kwenye mwanga hutoa oksijeni nyingi kuliko inayoitumia. Usiku utengenezaji chakula husimama, upumuaji huendelea.

Sasa tupige hesabu. Chumba cha mita tatu kwa tatu kwa tatu kina lita 27,000 za hewa, na oksijeni ni asilimia 21 ya hewa hiyo, yaani zaidi ya lita 5,600. Mtu mzima aliyetulia hutumia karibu robo lita ya oksijeni kwa dakika, basi kwa saa nane ni lita 120 hivi. Chungu cha maua hakifikii hata sehemu ndogo ya hizo. Ndugu anayelala kitanda cha pili "anaiba" hewa kuliko maua yote ya barazani, na hakuna anayemfukuza. Dirisha likiwa wazi, suala limekwisha.

Kijana naye asiandike mtihanini kwamba mimea hupumua usiku tu. Kosa hilo tunalisoma kila mwaka.

Kwa jaribio la osmosisi (maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea penye chumvi nyingi), twaweza kutumia maji ya bahari badala ya chumvi ya dukani? Na mbona vipande vyetu vya kiazi vilitoka karibu urefu mmoja, vya maji safi na vya maji ya chumvi? (Kidato cha 2, Likoni)

Mnaweza, tena nyinyi mna bahati, bahari iko mlangoni. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Yachoteni mbali na mitaro, yachujeni kwa kitambaa, basi.

Tatizo lenu la pili lina sababu kadhaa, na tunashuku zaidi ya moja. Kwanza ni hayo "maji safi". Yalitoka wapi? Visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, kwa hiyo kiazi hakikunyonya inavyotakiwa. Tumieni maji ya mvua. Pili ni kupima kwa rula: kipande cha sentimita 5 hubadilika kwa milimita chache tu, na jicho hukosea milimita moja bila shida. Pimeni uzito. Tatu, ganda. Likibaki upande mmoja, upande huo haupitishi maji vizuri.

Kateni vipande vya sentimita 5, upana na unene wa sentimita moja, vyote kutoka kiazi kimoja. Vifuteni kwa karatasi laini, mvipime, mvitumbukize kwa saa moja, mvitoe, mvifute tena kwa namna ileile na kuvipima. Msipovifuta, mtakuwa mnapima maji yaliyoganda nje. Kisha gawanyeni badiliko la uzito kwa uzito wa mwanzo, mzidishe kwa 100.

Jaribio hili hunoga mkitumia vikombe vitano: maji ya bahari matupu, nusu, robo, thumni, na maji ya mvua peke yake. Kwenye bahari tupu kiazi hulegea, ukikishika kinajikunja, kwani maji yametoka ndani ya seli kwenda kwenye chumvi nyingi. Kwenye maji ya mvua hukakamaa. Karibu na kikombe cha robo mtaona uzito haubadiliki sana, ingawa kiazi na kiazi hutofautiana. Robo ya maji ya bahari ni gramu 9 hivi za chumvi kwa lita, kiasi kilekile kilichomo kwenye dripu ya maji ya chumvi hospitalini, kwa sababu chembe za damu nazo hazivimbi wala hazinywei kwenye kiwango hicho. Tofauti ni kwamba chembe nyekundu ya damu ikitiwa kwenye maji matupu hupasuka. Kiazi hakipasuki, kina ukuta wa seli unaokizuia.

Msisahau kipande kimoja kilichochemshwa na kupozwa. Utando wake umekufa, hauchagui tena kinachopita, na matokeo yake hayatafuata mpango wa vile vingine. Bila hicho hamjaonesha kwamba ni utando hai unaofanya kazi.

Na mkivuka upande wa Mikindani maji yakikupwa, angalieni mchu, aina ya mkoko. Unaishi kwenye chumvi inayolegeza kiazi chenu. Mizizi yake huzuia sehemu kubwa ya chumvi isiingie, iliyopenya hutolewa na majani. Pitisheni ulimi juu ya jani mtaionja. Vile vijiti vilivyochomoza topeni ni mizizi ya kupumulia, maana tope halina oksijeni ya kutosha.

Wakati wa kaskazi twatoka jasho mpaka nguo zalowa, na bado hatupoi. Mbona? (Majengo)

Jasho halipozi kwa kutoka, hupoza kwa kukauka. Lita moja ya jasho ikikauka mwilini huondoka na kilojuli 2,400 hivi za joto. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu, jasho linadondoka badala ya kukauka, na lililodondoka sakafuni halikukupoza chochote. Feni husaidia kwa kuondoa hewa yenye unyevu iliyo karibu na ngozi.

Tuliweka pojo zinazoota kwenye themosi, na zilizochemshwa kwenye nyingine. Siku ya tatu zote mbili zilipanda joto! (Kidato cha 3, Changamwe)

Pojo zenu zilizochemshwa zilikuwa zimekufa, lakini bakteria na ukungu waliozivamia walikuwa hai, nao wanapumua na kutoa joto. Osheni mbegu za themosi zote mbili kwa dawa ya kuua viini iliyozimuliwa, na themosi zenyewe pia. Zilizochemshwa zipozwe kabisa kabla ya kutiwa, la sivyo mtapima joto la sufuria. Mbegu zijae karibu themosi nzima, kwa kuwa ngumi moja ya pojo haitoi joto la kuonekana. Mdomo uzibeni kwa pamba, si kwa kizibo, ili oksijeni iingie. Kisha pindueni themosi, kichwa chini, kipimajoto kikipita katikati ya pamba na ncha yake iguse mbegu: kabonidayoksaidi ni nzito kuliko hewa, hivyo itashuka na kutoka. Someni kipimajoto asubuhi na jioni kwa siku tatu, saa zilezile.