Kupe, papasi na PCR: majibu ya maswali yenu

Shikamoo Dokta. Kupe niliowang'oa kwenye ng'ombe wangu wamepimwa, wamekutwa na vinasaba vya bakteria waitwao riketsia. Ina maana ndio wanaotuambukiza homa? (Mfugaji, Monduli)

Marahaba. Hapana, bado hujafika huko. Kupe aliyeshiba ana damu ya ng'ombe tumboni, na chochote kilichokuwamo kwenye damu ile PCR, kipimo cha kutafuta vinasaba, itakiona. Ili kumtia kupe hatiani, bakteria akutwe kwenye kupe wenye njaa waliookotwa majanini au, bora zaidi, kwenye tezi za mate. Kisha mgonjwa wa hapohapo akutwe na bakteria yuleyule, jeni zikilingana. Kwa Rickettsia africae na kupe wa Amblyomma, wale wakubwa wenye madoa ya rangi, kazi hiyo imeshafanyika, na mwaka 1996 bakteria huyo alitambuliwa rasmi kama spishi, baada ya miaka mingi ya kuchanganywa na riketsia mwingine, R. conorii. Lakini bado naletewa ripoti zenye vichwa vya kutisha kuhusu "tishio jipya" la wilaya fulani, na ukizifungua hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepimwa.

PCR inaweza kuniambia kupe alitoka kijiji gani?

Haiwezi. Andika kijiji, tarehe na mnyama kwenye kichupa, kwa penseli.

Niliweka kupe kumi kumi kwenye vichupa 20. Vichupa 5 vimetoa chanya. Nikiandika maambukizi ni asilimia 25, ni sawa? (Mwanafunzi, Morogoro)

Si sawa, na msimamizi wako akiipitisha mletee na yeye safu hii. Hiyo 25 ni asilimia ya vichupa. Ulikuwa na kupe 200. Ukichukulia kila kichupa chanya kina kupe mmoja tu mwenye bakteria, kiwango cha chini ni 2.5. Kwa kuwa kichupa kimoja kinaweza kuwa na wawili au zaidi, kuna hesabu ya kukadiria inayozingatia hilo. Kwa namba zako inatoa kama 2.8. Tofauti ya 25 na 2.8 ndiyo inayomfanya afisa wa wilaya aagize dawa za kuogesha zisizohitajika. Na vichupa vya maji matupu vya kuhakikisha maabara yako haijachafuka vilikuwa vingapi? Hukusema.

Praima zangu (vipande vya DNA vya kuanzishia PCR) za 16S, jeni ya bakteria, hazioni ndigana kali. Nibadilishe joto?

Badilisha ugonjwa. Ndigana kali ni Theileria parva, protozoa, si bakteria, tafuta jeni yake ya 18S. Ndigana baridi ndiyo Anaplasma, ndiyo bakteria. Hili nalijibu kila msimu wa mvua.

Mwanangu homa inampanda siku tatu, inaacha wiki, inarudi. Kipimo cha malaria hakioni kitu lakini tunapewa dawa ya malaria kila mara. Nyumba yetu ya udongo ina papasi. Nitafute wapi PCR? (Mama, Dodoma vijijini)

Mama, usitafute PCR. Mrudishe zahanati homa ikiwa juu, si ikishashuka, omba atolewe damu ya kioo cha darubini, na utaje papasi kabla hujaulizwa. Borrelia duttonii wa homa ya papasi huonekana kwenye kioo kilekile cha malaria kama nyuzi zilizojisokota, mradi anayeangalia ajue anachotafuta. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kumwona kabisa. Antibayotiki asipewe nyumbani: mara nyingi saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa hutetemeka na hali hubadilika ghafla, anahitaji kuangaliwa. Ukiwa na mjamzito nyumbani mwenye homa ya namna hiyo, usingoje hata siku moja.

Papasi hujificha kwenye nyufa za sakafu na ukuta, hutoka usiku, hunyonya kwa muda mfupi na kurudi. Ndiyo maana hamuwakuti mwilini asubuhi kama kupe.

Ninyi wa zahanati nanyi msinikasirikie. Utafiti wa Moshi uliochapishwa 2013 uliangalia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa: 528 waliandikiwa malaria, waliokuwa nayo kweli ni 14. Kati ya takriban 450 waliofuatiliwa kwa vipimo zaidi, 36 walikuwa na riketsia za homa ya madoa. Hao walijulikana kwa kupima kingamwili mara mbili, mwanzoni na baada ya wiki kadhaa.

Kwa nini basi PCR ya damu ya mgonjwa wa kupe hutoka hasi?

Kwa sababu riketsia hukaa kwenye kuta za mishipa, kwenye damu inayotoka wako wachache. Tafuta kidonda chenye gamba jeusi mahali alipoumwa, pangusa chini ya gamba kwa pamba ya maabara. Na chukua sampuli kabla ya doksisaiklini, antibayotiki ya kumtibu. Hasi ya damu usiiandike kama "hana".

Nitatofautishaje B. duttonii na Borrelia wa chawa kwa vinasaba?

Kwa shida. Jinomu zao, yaani vinasaba vyao vyote, zilipolinganishwa mwaka 2008, yule wa chawa, B. recurrentis, alionekana kuwa ni duttonii aliyepoteza sehemu ya jeni zake. Ukitegemea 16S utapotea. Soma sehemu kadhaa za jinomu, na muulize mgonjwa kama amelala penye papasi au amejaa chawa. Swali hilo halina gharama, na kwenye fomu nyingi ninazopokea haliko.

Tumepata IS1111, kipande cha vinasaba cha kumtafutia Coxiella, bakteria wa homa ya Q, kwenye kupe wengi, tutangaze homa hiyo?

Msitangaze. Kupe wengi huishi na bakteria wao wa kudumu wanaofanana na Coxiella, na baadhi wana IS1111 hiyohiyo. Thibitisheni kwa jeni nyingine. Halafu nendeni zizini mbuzi wanapozaa. Binadamu huipata homa ya Q zaidi kwa kuvuta vumbi la kondo na majimaji ya uzazi kuliko kwa kuumwa na kupe.

Nina kupe wa mwaka jana kwenye formalini, nikuletee?

Usilete. Formalini huharibu vinasaba. Kusanya wengine, uwaweke kwenye ethanoli ya asilimia 70 au zaidi.