Maswali ya Wasomaji: Wachumi Wanataka Nini na Paa Langu?

Swali: Mhariri, hivi karibuni kijana mwenye kishikwambi alifika nyumbani kwangu akiongozana na mwenyekiti wa kitongoji, akajitambulisha kuwa ametumwa na kituo cha utafiti wa sera za uchumi cha Dar es Salaam. Aliuliza paa letu limeezekwa kwa nini, tuna mbuzi wangapi na wiki ile tulikula nini, lakini mapato yangu ya mwezi hakuyagusa kabisa. Hawa ni watu gani, ni wa serikali au la, na paa langu linawahusu nini?
*Mama mkulima wa alizeti, Singida*

Jibu: Mama, tuanze na paa, kwa kuwa naona ndilo lililokukera. Mkulima anayeuza alizeti yake mara moja baada ya mavuno hana mapato ya mwezi, na akibanwa ayataje atataja tarakimu yoyote ili mgeni aondoke. Kwa sababu hiyo watafiti huipima hali ya kaya kwa vitu inavyotumia na inavyomiliki: chakula, mifugo, bati au nyasi juu ya nyumba.

Kijana yule anaitwa mdadisi, na kwa maoni yangu ndiye mtu muhimu kuliko wote katika kituo kilichomtuma, ingawa huajiriwa kwa wiki chache tu, hulipwa posho, na jina lake halionekani kwenye jalada la ripoti. Ukimwambia kwamba mlinunua fungu la dagaa na kisado cha mahindi, ni juu yake kuhakikisha vipimo hivyo vinageuzwa kuwa kilo, ilhali fungu la soko moja si sawa na la soko jingine. Kosa la hapo si dogo. Katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani kiwango cha matumizi ambacho aliye chini yake huhesabiwa kuwa maskini, ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara walihesabiwa kuwa chini yake. Kwa kaya iliyo karibu na mstari huo, fungu moja lililokadiriwa vibaya kila siku linatosha kuihamisha kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Baada ya mdadisi yupo msimamizi, ambaye hurudia baadhi ya kaya, kwa mguu au kwa simu, kuhakikisha kwamba zilitembelewa kweli na kwamba dodoso halikujazwa chini ya mwembe. Kisha yupo msafishaji wa takwimu, mtu asiyejulikana hata na majirani wa ofisi yake. Katika madodoso mengi jibu la “sijui” huandikwa kwa namba kama 99. Asipokuwa makini, kaya isiyojua idadi ya mbuzi wake inageuka kuwa tajiri wa mbuzi 99, na wastani wa kijiji kizima unapanda nayo. Watafiti waandamizi, wengi wao wenye shahada za uzamivu, huja mwishoni kuchambua, kuandika na kuketi na maofisa wa wizara. Kazi yao ni ngumu, sibishi, lakini inasimama juu ya kazi ya wale wawili watatu niliowataja.

Kuhusu serikali, inategemea kituo. Taasisi za utafiti wa sera za REPOA, iliyoanzishwa mwaka 1994, na ESRF, iliyoanzishwa mwaka 1993, zote za Dar es Salaam, si idara za serikali. Kazi zao nyingi hugharimiwa na wafadhili au na anayeagiza utafiti. KIPPRA ya Nairobi, taasisi ya Kenya ya utafiti wa sera, ni chombo cha umma chenye sheria yake ya mwaka 2006. Kwangu mimi swali lenye uzito zaidi ni nani aliyelipia utafiti unaousoma, na kwa kawaida jibu huwa kwenye kurasa za mwanzo za ripoti. Kwa upande wako, una haki ya kuomba kitambulisho na barua ya utambulisho kabla ya kujibu lolote, na una haki ya kukataa.

Swali: Nasoma sosholojia mwaka wa pili. Je, vituo hivi huajiri wachumi peke yao?
*Mwanafunzi, Mbeya*

Jibu: Hapana. Wachumi ndio wengi, na baadhi yao wamepitia mafunzo ya uzamili yanayoratibiwa na AERC, taasisi ya utafiti wa uchumi ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1988. Lakini wanatakwimu, wanasosholojia, wakutubi na wahariri nao wana nafasi zao, hasa panapohitajika mtu wa kuendesha mahojiano marefu na vikundi vya wanakijiji. Jifunze programu moja ya uchambuzi wa takwimu, kama Stata, na wakati wa likizo omba kazi ya udadisi hata kama posho yake ni ndogo, kwa sababu wasimamizi hukumbuka ni madodoso ya nani yalirudi bila mapengo, na mradi mwingine ukija huanza kwa kumpigia simu mtu huyo.