Ikoni za Historia ya Kompyuta

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha vijana kompyuta hapa Ng'ambo, Tabora, na ningependa kuchora ikoni za eneokazi, yaani picha ndogo za kubofya kwenye skrini, zinazoonyesha historia ya mashine hizi. Nichague vifaa gani, na nivichoreje?

JIBU: Mwalimu, chagua vifaa vinavyotambulika kwa umbo pekee. ENIAC, kompyuta ya awali iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946 ikiwa na vali (mirija ya kioo ya kuwasha na kuzima mkondo wa umeme) zipatazo 18,000, ilijaza chumba kizima, kwa hiyo ukijaribu kuichora yote hakitaonekana kitu. Chora vali moja ya kioo, na vijana wataelewa kizazi kile kilitegemea nini. Flopi ya inchi 3.5, diski ya zamani ya kuhifadhia mafaili, ni rahisi zaidi, kwa kuwa kibati chake cha kutelezesha na kona yake iliyokatwa huonekana hata katika picha ndogo. Msanii Susan Kare alichora ikoni za Macintosh, kompyuta ya kampuni ya Apple, ya mwaka 1984 katika miraba 32 kwa 32, kwa nyeusi na nyeupe tu, na kwangu mimi hakuna mazoezi bora kuliko hayo: anza kwenye daftari la miraba, amua kila mraba ujazwe au uachwe wazi, ndipo uhamie kwenye kompyuta. Rangi zije mwisho.